Waya Uliogusa Bodi

Fyuzi ya ampea 10 ni kipande chekundu cha plastiki chenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba hivi. Ndani yake umepitishwa utepe mwembamba wa zinki, madini yanayoyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi za Selsiasi. Umbo hili lenye miguu miwili bapa lilitolewa na kampuni ya Kimarekani ya Littelfuse mwaka 1976, likachukua nafasi ya zile fyuzi za kioo. Rangi zake hufuata utaratibu mmoja: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Gari likinunuliwa Yokohama, likashushwa Dar es Salaam au Mombasa, likaishia kuuzwa Lubumbashi, fyuzi yake ya buluu inabaki kuwa ya ampea 15.

Ikiungua, fundi makini haitupi kabla hajaitazama. Utepe ukiwa umeyeyuka katikati na kuacha pengo safi, mara nyingi mzigo ulizidi kidogo kwa muda mrefu: mtu ameongeza taa, au ameweka balbu kubwa kuliko inayotakiwa. Plastiki ikiwa imepakaa weusi na chembe za madini zimerukia kuta zake, umeme mwingi ulipita kwa ghafla. Hapo kuna waya umepiga shoti.

Muda nao unasema. Fyuzi ya ampea 10 ikipitishiwa ampea 11 inaweza kuvumilia siku nzima na zaidi. Ikipitishiwa 20, hukatika ndani ya sekunde chache. Ikipitishiwa 60, kwa kawaida haimalizi hata sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo mteja anayesema “nikiwasha tu inakata” na yule anayesema “inakata nikishatembea kidogo” wameleta matatizo mawili tofauti, hata kama wote wawili wameshika mkononi fyuzi nyekundu iliyoungua.

Gari ni rahisi kupiga shoti kwa sababu ya jinsi lilivyoungwa. Nyumbani umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Kwenye gari, hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, na taa ya nyuma huunganishwa kwa waya mfupi hadi kwenye bati lililo karibu yake. Kutoka hapo umeme unarudi betrini kupitia bodi yenyewe. Mafundi huuita upande huo ethi. Mpango huu umeokoa shaba nyingi na uzito mwingi, lakini umeligeuza kila bati la gari kuwa njia ya kurudi. Waya wa moto ukichubuka mahali popote ukagusa chuma, umeme umepata njia ya mkato isiyopita kwenye balbu.

Hesabu yake inatoka kwenye kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: gawanya volti kwa omu, upate ampea. Balbu ya wati 5 inapowaka ina ukinzani wa omu 29 hivi, kwa hiyo kwenye volti 12 inavuta chini ya nusu ampea. Waya wa shaba unaoipelekea umeme, ukiwa na unene wa milimita za mraba 0.85 na urefu wa mita 4 kutoka mbele hadi kwenye buti, hauna hata sehemu ya kumi ya omu. Balbu ikirukwa na waya ukabaki peke yake kati ya betri na bodi, hesabu inatoa ampea zinazokaribia 150. Betri haioni taabu kuzitoa; kila asubuhi inazungusha stata inayotaka kiasi hicho na zaidi. Zidisha kwa volti 12: wati 1,800. Hilo ni joto la birika la umeme linalochemsha maji, limemwagwa ndani ya waya uliofungwa pamoja na wenzake chini ya zulia la gari.

Utepe wa zinki ndio unaozuia joto hilo lisiendelee. Ndiyo maana inasikitisha kuona bado kuna watu wanaoziba nafasi ya fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kwa msumari, au kwa uzi wa waya uliosokotwa. Wengine huchomoa ya ampea 10 na kuweka ya kijani ya ampea 30, na kwa kuwa inadumu kidogo zaidi wanadhani wamepona. Wamefanya waya uwe ndio fyuzi. Ganda la plastiki linalainika, linashikana na maganda ya jirani, nyaya za taa zinagusana na nyaya za pampu ya mafuta au za honi, na kazi ambayo ingekuwa ya waya mmoja inakuwa ya wayaringi nzima. Gari likifika hapo bila kushika moto, mwenye gari ashukuru.

Katika mifumo yote ya umeme wa gari, ule wa taa ndio unaotembea mbali zaidi. Unaanzia kwenye pembe za mbele zinazopigwa na maji na mawe, unaingia ndani kwenye swichi iliyo karibu na usukani, unapita chini ya kizingiti cha mlango, unafika kwenye buti linalopakiwa magunia, na kumalizikia kwenye taa ya namba juu ya bampa. Kwenye magari mengi ya Kijapani, fyuzi iliyoandikwa TAIL inalisha taa ndogo za mbele, taa za nyuma kushoto na kulia, taa ya namba, na pia mwanga wa dashibodi, wa redio na wa vitufe vya kiyoyozi. Fyuzi hiyo ikikata usiku, dereva huona dashibodi imezimika huku taa kubwa zinawaka vizuri mbele yake. Wengi huendelea na safari wakidhani tatizo ni la mwanga wa saa ya mwendo tu. Hawajui kwamba nyuma gari lao liko gizani, na lori linalowafuata kwenye barabara ya Morogoro au ya Mombasa halioni kitu hadi wao wenyewe wakanyage breki. Dashibodi ikizimika ghafla usiku, dereva asimame pembeni akaangalie taa za nyuma.

Kabla ya kushika bisibisi, fundi anaweza kupunguza eneo la kutafuta kwa kusikiliza tu fyuzi inakata wakati gani. Ikikata mara tu inapochomekwa, hata swichi ikiwa imezimwa, shoti iko kabla ya swichi. Ikikata swichi inapowashwa, iko baada ya swichi. Fyuzi ya indiketa ikikata kwa upande wa kulia tu, hakuna sababu ya kufungua taa ya kushoto. Ya breki ikikata kila pedali inapokanyagwa, tazama kuanzia swichi ya pedali kwenda nyuma. Ikikata gia inapoingizwa rivasi, tazama waya wa taa ya rivasi, hasa pale unapopita karibu na gia boksi na bomba la moshi.

Mfano mmoja ni mashuhuri miongoni mwa mafundi, wawe wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan. Ni wa gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, kama yalivyo Vitz, IST, Noah au Probox. Mwenye gari anakuja amechoka. Ameshabadilishiwa fyuzi ya TAIL kwa mafundi tofauti, na kila mmoja amemhakikishia kwamba taa zinawaka.

“Mama, huko walikokutengenezea walikuta nini?”

“Hawakukuta kitu, fundi. Walifungua nyuma wakaangalia, wakaweka fyuzi mpya, taa zikawaka vizuri. Nikifika njiani zinazima tena.”

“Kuna taa au redio uliyofunga karibuni? Kengele ya wizi? Soketi ya trela?”

“Hakuna.”

“Na mlango wa nyuma unaufungua sana?”

“Kila siku. Napeleka mayai dukani.”

Fundi mzoefu ameshapata nusu ya jibu. Hata hivyo anafuata utaratibu. Kwanza anazima kila kitu na kutembea kulizunguka gari kwa macho tu: vioo vya taa vilivyopasuka, maji yaliyotuama ndani ya taa, holda iliyoyeyuka, tepu nyeusi iliyozungushwa na mtu ambaye si wa kiwandani, skrubu mpya iliyopita kwenye bati mahali ambapo nyuma yake kuna nyaya. Nyongeza hutazamwa mwanzo. Waya uliopitishwa na mfunga redio, uliochunwa kwa meno na kusokotwa juu ya waya wa taa, una nafasi kubwa ya kuleta shoti kuliko waya wa kiwandani uliolala kwenye vibanio vyake.

Kisha anachomoa balbu zote za mzunguko huo: taa ndogo mbili za mbele, za nyuma, na za taa ya namba. Hatua hii hurukwa na wengi, na kuiruka kunawapoteza. Uzi wa tangisteni ulio ndani ya balbu, ukiwa baridi, una ukinzani wa karibu sehemu ya kumi tu ya ule unaokuwa nao ukiwaka. Balbu ya wati 5 ambayo ikiwaka ina omu 29, ikiwa baridi haizidi omu tatu hivi. Balbu nane za namna hiyo zikiwa zimeungwa sambamba, mita itasoma chini ya nusu omu, na ikiwekwa kwenye mlio italia “pii” bila kukoma. Fundi kijana anaruka kwa furaha kwamba ameiona shoti, kumbe anapima balbu nzima zisizo na kosa. Ameshaanza kufumua zulia. Mita haijakosea, yeye ndiye aliyeiuliza swali kabla ya kuondoa balbu.

Baada ya hapo anaacha fyuzi kabisa. Badala yake anachukua balbu ya breki ya wati 21, iliyotiwa nyaya mbili fupi, na kuzichomeka nyaya hizo pale miguu ya fyuzi inapokaa. Kifaa hiki hakigharimu kitu na ndicho kinachomaliza kazi. Balbu imekaa njiani kati ya betri na shoti, kwa hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya ampea mbili hivi, hata bodi iguswe namna gani. Hakuna fyuzi inayoungua, hakuna waya unaopata joto, na shoti inaweza kuachwa ikiwa hai wakati inatafutwa. Fyuzi hufa mara moja na kunyamaza. Balbu inaendelea kusema.

Lugha yake ni rahisi. Swichi ikiwashwa, balbu ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote, shoti ipo. Shoti ikiondoka, balbu inafifia hadi wekundu hafifu, kwa sababu vitaa vidogo vya dashibodi bado vinavuta umeme kidogo. Tangu hapo fundi hana haja ya kukisia. Kazi yake ni kuukata mzunguko vipande vipande na kuitazama balbu.

Anaanza katikati, wala hafuati waya sentimita kwa sentimita kutoka mbele. Chini ya plastiki ya kizingiti cha mlango wa dereva kuna soketi ambapo nyaya zinazokwenda nyuma zinaungana na zile za mbele. Anaichomoa. Balbu inafifia. Kwa tendo moja, nusu ya gari imeondoka kwenye orodha: dashibodi, swichi, taa za mbele, vyote havina kosa. Anairudisha, balbu inawaka tena. Anachomoa soketi ya taa ya nyuma kulia, bado inawaka. Ya kushoto, bado inawaka. Imebaki tawi la mlango wa nyuma. Anakwenda kuufungua mlango ili afike kwenye soketi yake iliyo nyuma ya plastiki ya nguzo, na hapo, kabla hajagusa chochote, balbu inafifia yenyewe.

Hapo ndipo mafundi waliotangulia walipokwama. Ili kuzikagua taa za nyuma walifungua mlango, na kwa kuufungua waliiondoa shoti bila kujua. Nyaya zikanyooka, sehemu zilizochubuka zikaachana, fyuzi mpya ikakaa vizuri. Wakampungia mteja mkono. Akafunga mlango, akaondoka.

Fundi anaurudisha mlango chini polepole, msaidizi akitazama mbele na kuita kwa sauti: “Imewaka! Imefifia! Imewaka!” Inawaka mlango ukikaribia kufunga. Kati ya bodi na mlango, karibu na bawaba, nyaya zimepita ndani ya mpira mweusi wenye mikunjo. Anauchomoa upande mmoja kwa bisibisi bapa na kuuvuta nyuma kama mkono wa shati. Nyaya sita zinaonekana, na mbili kati yake zimechakaa vibaya. Wa kijani, wa taa ya namba, umepasuka ganda kwa urefu wa punje ya mchele, na shaba inameta ndani. Mahali hapo hapo, waya mweupe wenye mstari mweusi, ambao ni ethi, umekatika ganda pia. Mlango ukiinuka zinatengana. Ukishuka, mkunjo unazibana pamoja.

Sababu ni kuchoka kwa madini na kwa plastiki. Shaba ikikunjwa na kukunjuliwa mahali pale pale, nyuzi zake hukatika moja baada ya nyingine, na ncha zake kali hutoboa ganda kutoka ndani. Ganda la PVC nalo hukauka kadiri miaka inavyopita na joto linavyolipika. Mlango unaofunguliwa mara kumi kwa siku unakuwa umefunguliwa zaidi ya mara 36,000 kwa miaka kumi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, na hata hilo linaposhushwa bandarini mikunjo yake imeshafanya kazi kwa miaka hiyo yote katika nchi ambayo majira ya baridi huufanya mpira na plastiki kuwa vigumu. Huku linakuta jua, vumbi, na biashara ya kupakia na kupakua kutwa nzima.

Ndani ya mpira huo huo mara nyingi unapita waya mwingine wenye historia yake: wa taa ya tatu ya breki, ile inayokaa juu katikati ya kioo cha nyuma. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1974, mwanasaikolojia John Voevodsky alizifunga taa ya namna hiyo taksi 343 za San Francisco, akazilinganisha na taksi zisizokuwa nayo. Zilizofungwa ziligongwa kwa nyuma kwa kiwango kilichopungua kwa zaidi ya nusu. Marekani ikailazimisha kwa magari madogo mapya kuanzia modeli za mwaka 1986, na nchi nyingine zikafuata. Taa hiyo imeokoa watu wengi, na kwenye magari ya mlango wa nyuma imeleta waya mmoja zaidi wa kukunjwa kila siku. Ukipiga shoti ni fyuzi ya STOP inayokata, na mwenye gari anapoteza taa zote tatu za breki kwa pamoja.

Fyuzi hiyo ya STOP hupotosha watu kwa njia nyingine. Kwenye magari mengi ya gia otomatiki, kufuli la gia husubiri ishara ya swichi ya breki ndipo liruhusu kutoka P. Baadhi ya magari yanayowashwa kwa kitufe hayawaki bila ishara hiyo. Mtu anakuta gari limegoma kwenye maegesho, anaita fundi wa gia boksi, anatajiwa bei ya kutisha, na kumbe shida ni waya wa taa uliochubuka kwenye bawaba. Mwambie mtu aangalie nyuma wakati unakanyaga breki, kabla ya kumlipa yeyote.

Si kila tatizo la taa linalofanana na shoti ni shoti. Balbu yenye nyuzi mbili, wati 21 kwa breki na wati 5 kwa taa ndogo, uzi mmoja ukikatika unaweza kuangukia mwingine. Ukikanyaga breki, taa ndogo za mbele na dashibodi zinawaka pia. Hali kama hiyo hutokea mtu akilazimisha balbu ya uzi mmoja kwenye holda ya nyuzi mbili, maana kitako chake kimoja kinagusa vituo vyote viwili. Kutu ya holda nayo, ambayo hewa ya chumvi ya Tanga, Unguja au Lamu huileta mapema, kwa kawaida huzuia umeme badala ya kuufungulia njia: taa hufifia na fyuzi inabaki nzima. Kutafuta shoti kwenye gari la namna hiyo ni kupoteza siku.

Panya wana fungu lao. Gari likilala wiki mbili chini ya mwembe, au nje ya ghala la nafaka, panya huingia kwenye injini na kutafuna maganda ya nyaya. Honda wanauza tepu ya kuzungushia nyaya iliyotiwa kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake, ili kuwafukuza. Alama za meno ni rahisi kuzitambua: shaba imebaki wazi, safi, na maganda yamemwagika chini yake. Hapo shoti haiko mahali pamoja tu, na fundi asiridhike na jeraha la kwanza atakaloliona.

Kwenye lile gari la mayai, nyaya za kijani na nyeupe za mlangoni hazitengenezwi kwa tepu peke yake. Tepu ndani ya mkunjo hulegea kwa joto, gundi yake hutiririka, na baada ya miezi michache gari linarudi. Kipande chote kilichokauka hukatwa, pande zote mbili za mkunjo, na kuwekwa waya mpya laini wenye nyuzi nyingi, wa unene ule ule au unaozidi kidogo. Viungo hulehemiwa kwa risasi na kuwekwa nje ya eneo linalojikunja, kimoja ndani ya bodi na kingine ndani ya mlango, kwa kuwa risasi huufanya waya kuwa mgumu na hukatika ukikunjwa. Kila kiungo huvikwa kimrija cha plastiki kinachosinyaa kwa joto. Viungo hupishanishwa ili viwili visikae sambamba. Nyaya nyingine nne ambazo hazijapasuka nazo zikaguliwe. Zimekunjwa mara zile zile. Mwisho mpira unarudishwa na kukaa kwenye tundu lake, la sivyo mvua itafuata nyaya hadi ndani.

Kisha kazi hupimwa. Balbu zikirudishwa na mita ya ampea ikawekwa mahali pa fyuzi, jumla ilingane na hesabu: balbu nane za wati 5 ni wati 40, yaani ampea 3.3 hivi kwenye volti 12, na kidogo zaidi kwa ajili ya dashibodi. Ikisoma 7 au 8, kuna kitu bado kinavuja au kuna balbu isiyo ya mahali pake. Ikiwa sawa, mlango wa nyuma ufunguliwe na kufungwa mara kadhaa huku mita ikitazamwa, na nyaya za njia nzima zitikiswe kwa mkono. Usomaji usiporuka, fyuzi nyekundu inarudi.

Njia ya balbu ina mipaka yake, na mwenye gari jipya anapaswa kuijua. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni, taa zinaongozwa na kompyuta ya bodi. Mahali pa fyuzi pana transista inayojizima ikiona umeme umezidi na kuandika kosa kwenye kumbukumbu yake. Huko uchunguzi huanza kwa mashine ya kusoma makosa. Nyaya na soketi za njano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, na testa ya balbu haigusishwi hapo kabisa, kwa kuwa umeme mdogo tu unaweza kuulipua mfuko usoni mwa fundi. Nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye Prius na magari mengine ya haibridi hubeba volti zaidi ya 200. Asiyefundishwa kazi hizo aziache.

Kwa magari mengi yanayotembea leo katika miji ya Afrika Mashariki, hata hivyo, balbu ya wati 21 na nyaya mbili fupi bado zinatosha. Mwenye gari analipia muda wa kutafuta, na muda huo una thamani kuliko fyuzi kumi za kubadilisha. Mwambie fundi akuonyeshe waya wenyewe uliochubuka kabla hajaufunga. Asipokuwa na waya wa kukuonyesha, shoti haijapatikana. Na kabla ya kuondoka gereji, fungua kisanduku cha fyuzi, soma namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, na uilinganishe na ile iliyo juu ya fyuzi aliyokuwekea. Zikitofautiana, usiliondoe gari.